Kiswahili Hakimzuii Mtoto Kujua Kifaransa

Swali ni lile lile hapa kwetu Kongo, Nyangwe, Kasongo hadi Kabambare, kila mwaka wa shule unapofunguliwa: "Mwalimu, Kiswahili mtoto anakijua tayari. Kwa nini munamupotezea wakati? Mumuanzishe Kifaransa siku ya kwanza." Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Leo nalijibu bila kuzunguka.

Wazazi wanaamini kwamba kichwa cha mtoto ni kama kibuyu: kikijaa Kiswahili, Kifaransa kitakosa nafasi. Si kweli, na imani hii inawagharimu watoto wetu sana.

Kusoma hujifunzwa mara moja tu. Mtoto akishagundua kwamba alama za ubaoni ni sauti za mdomoni, ujuzi huo atahama nao kwenda lugha yoyote. Sasa, wapi atagundua kwa urahisi? Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake. Kifaransa huandika sauti moja ya "o" kwa "o", kwa "au", hata kwa "eau". Andika ubaoni "il chante", na chini yake "ils chantent". Sikio halisikii tofauti yoyote. Anayeiona maana ni yule anayeijua lugha. Nasi tunamtaka mtoto wa miaka sita, asiyesikia Kifaransa sokoni wala kwenye mitumbwi ya Wagenya, alifumbue fumbo hilo siku zile zile anazojifunza herufi ni kitu gani!

Ingia darasa la tatu la walioanzishwa hivyo ujionee. Mtoto anasimama, anasoma "la maman va au marché" kwa sauti kubwa, hakwami popote. Muulize kwa Kiswahili: nani anakwenda wapi? Kimya. Anamtazama mwalimu. Huyo hajasoma, amekariri. Na mzazi aliye dirishani anatabasamu, maana amesikia Kifaransa. Tabasamu hilo linaniuma.

Mtafiti Nancy Modiano aliwapima watoto wa milima ya Chiapas, kule Mexico, nchi ambayo shule zake zinasomesha kwa Kihispania. Walioanza kusoma kwa Kitzeltal na Kitzotzil, lugha za nyumbani kwao, ndipo wakahamia Kihispania, walikielewa Kihispania walichokisoma zaidi kuliko wenzao walioanzishwa Kihispania moja kwa moja. Ife, Nigeria, mradi ulioanza 1970 ulifundisha kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo. Watoto wale hawakuachwa nyuma kwa Kiingereza.

Na ile dawa ya kumvisha mtoto kitu shingoni, au kumtoza faini, kwa kuwa amesema Kiswahili uwanjani? Haifundishi neno hata moja la Kifaransa. Inafundisha kunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Iachwe mara moja.

Kuna wanaoniambia Kiswahili si lugha ya kuandika. Waseme hivyo Kasongo, mji wa mfanyabiashara wa zamani Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu?

Basi fanyeni hivi. Darasa la kwanza na la pili, kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Kifaransa kila siku, lakini kwa mdomo: nyimbo, maagizo, mazungumzo. Kukisoma kuanze mtoto akishakisema kidogo. Anayetoka kijiji cha Kibangubangu aelezwe kwanza kwa Kibangubangu. Nyumbani, msomee kwa Kiswahili chochote kilichopo, kisha muulize amesikia nini. Usilipe pesa za ziada kwa shule inayojisifia Kifaransa kitupu kabla hujamsikia mwalimu wake akizungumza.

Sheria ya elimu ya nchi yetu ya Februari 2014 imeshaziweka lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Kwa hiyo kwenye mkutano wa wazazi ujao, msiombe Kiswahili kiondolewe. Daini vitabu vyake vya darasa la kwanza, na mwalimu aliyefunzwa kuvitumia.