Anakula, anatapika, na mimba hana

Wadau, leo naomba tuongelee kitu nilichokiona kwa macho yangu bwenini nikiwa kidato cha tatu.

Nilikuwa na rafiki, jina naliacha. Usiku anamaliza mkate mzima peke yake, halafu huyo chooni anajitapisha. Matroni alipogundua, cha kwanza akampeleka kupimwa mimba. Hamna. Akapimwa tena, hamna. Kwao wakasema mapepo. Sisi wenzake ndo tulikuwa wabaya zaidi, tukasema anaringa, anataka umodo. Hakuna aliyesema anaumwa, manake mwili wake ulikuwa wa kawaida tu.

Kumbe ni ugonjwa, unaitwa bulimia. Daktari Gerald Russell wa London ndiye aliyeueleza kwa jina la bulimia nevosa mwaka 1979. Mtu anakula kwa fujo, anashindwa kujizuia, halafu roho inamsuta na anatafuta namna ya kukitoa. Wengi hawakondi, ndo maana hawajulikani. Princess Diana alisema mwenyewe BBC mwaka 1995 kuwa aliumwa hivyo kwa miaka, na dunia nzima ilikuwa inamtazama! Anayejinyima mpaka akakonda kweli, huyo ana anoreksia (na huku kwetu ukikonda mnajua wenyewe mtaa utasema una nini).

Jamani, sio mchezo. Kutapika kila mara kunapunguza potasiamu mwilini, madini ambayo moyo unayategemea ili upige sawasawa. Ikishuka sana, moyo unaweza kusimama ghafla. Meno nayo yanaliwa na asidi ya tumboni.

Matibabu yapo. Daktari anapima damu na mapigo ya moyo, halafu mgonjwa anakaa na mwanasaikolojia, mara nyingi vikao kama 20 kwa miezi mitano hivi. Anafundishwa kula kwa saa na kuandika alichokula na alivyojisikia. Wengine wanaongezewa dawa. Kwa aliyejinyima muda mrefu, msimshindilie ugali nyumbani! Chakula kingi cha ghafla kinavuruga madini ya damu na kinaweza kumuua. Analishwa pole pole chini ya daktari.

Anzeni hospitali ya wilaya au mkoa, muombe rufaa. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, Dodoma kuna Mirembe, na ndugu zetu wa Nairobi wana Mathari. Ila mwambie daktari ukweli, kwamba unajitapisha mwenyewe. Ukisema "natapika" tu, utarudi na dawa za vidonda vya tumbo.

Rafiki yangu alizimia kidato cha nne, ndipo damu ikapimwa na siri ikatoka. Alitibiwa karibu mwaka mzima, katikati akarudia mara mbili, sasa yuko poa. Juzi nilimpigia kuomba ruhusa ya kuandika haya. Akacheka, akasema andika, ila waambie matroni kipimo cha mimba kisiwe kipimo pekee wanachokijua.