Kilomita Hazitoshi: Sevisi ya Pikipiki Kwenye Pwani ya Chumvi

Fungua kitabu cha mwongozo cha pikipiki yoyote ya kisasa, na kurasa za mwisho utakuta jedwali la sevisi. Wengi wakilisoma huona namba moja tu, ile ya kilomita. Lakini karibu kila mtengenezaji ameweka namba mbili, umbali na muda, kisha akaagiza ifuatwe itakayotangulia. Kilomita elfu kadhaa au mwaka mmoja. Kilomita elfu kadhaa au miaka miwili. Hiyo namba ya pili ndiyo inayorukwa, na kwenye pwani hii ya Wabajuni, kutoka Kismayu kupita Koyama, Chovai na Chula hadi Ras Kiamboni, ndiyo yenye uzito zaidi. Ninachodai hapa ni kwamba mita ya kilomita haioni mambo matatu yanayoua chombo cha huku, yaani masaa ya injini kunguruma, chumvi na mchanga. Anayeingoja mita imwambie lini amwage oili huwa amechelewa zamani.

Tuanze na pikipiki zinazowapa watu matumaini ya uongo. Mitindo ya leo ya kruza za kimichezo, zile pikipiki nzito zenye kiti cha chini na injini yenye nguvu, imekwenda mbali sana katika jambo hili. Harley-Davidson kwa kawaida hutaka sevisi kila kilomita 8,000 baada ya ile ya kwanza ya kilomita 1,600. Vulcan S ya Kawasaki, yenye injini ya sisi 649, inakwenda hadi kilomita 12,000 au mwaka mmoja kabla ya kubadilisha oili, na Rebel 500 ya Honda inafika 12,800. Mbajuni aliyehamia Uingereza au Marekani akawa na moja ya hizo atamwambia jamaa yake wa Kismayu kwamba yeye huona fundi mara moja kwa mwaka, na jamaa atajiuliza kwa nini yeye aambiwe kila mwezi. Jibu limo ndani ya injini zenyewe. Vulcan S na Rebel zinapozwa kwa maji, kwa hiyo joto la oili halipandi ovyo. Zinabeba zaidi ya lita mbili za oili, inayopita kwenye filta ya karatasi kila mzunguko. Petroli inapulizwa kwa kipimo cha kompyuta, hivyo haimwagiki kupita kiasi ikaichujusha oili. Juu ya yote hayo, mwenye pikipiki ya aina hiyo huendesha kwenye lami, safari ndefu, kwa mwendo wa kutulia, na jioni huiegesha ndani.

Sasa tazama Boxer ya sisi 150 au bajaji ya magurudumu matatu. Injini ni ya silinda moja, nyingi hupozwa kwa upepo, na oili yake ni kama lita moja tu. Lita hiyo moja inafanya kazi tatu kwa mpigo: inalainisha pistoni na kamshafti, inalainisha gia, na klachi inaogelea humo humo. Kwenye gari kazi hizi zimegawanywa, gia ina oili yake. Ndiyo maana oili ya gari, hata iwe ya bei kali, haifai pikipiki. Nyingi zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ikishalowa viungo hivyo huanza kuteleza: unapandisha resi, injini inapiga kelele, chombo hakivuti. Kopo linalofaa limeandikwa JASO MA, kiwango cha Wajapani kilichotoka mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki zenye klachi ya ndani ya oili. Herufi hizo mbili zina faida kwa dereva kuliko picha ya pikipiki iliyochorwa kwenye kopo, maana kuchora pikipiki anaweza yeyote.

Masaa ndiyo hesabu ambayo wengi hawajawahi kuipiga. Pikipiki ikikimbia barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kilomita 3,000 zitaisha kwa masaa 60. Bajaji inayozunguka sokoni, ikisimama, ikingoja abiria huku injini inawaka, ikikanyaga mchanga kwa gia ya kwanza, tuseme wastani wake ni kilomita 15 kwa saa. Kilomita 3,000 zile zile zitamchukua dereva masaa 200. Mita imeandika namba moja kwa vyombo vyote viwili, lakini oili ya bajaji imepigwa zaidi ya mara tatu, tena bila upepo wa kupoza mapezi ya silinda. Wavuvi hawana tatizo hili, kwa sababu mashine ya boti haina kilomita. Injini ya boti ya stroki nne kwa kawaida huwekewa oili mpya kila masaa 100. Kwa kipimo hicho bajaji yetu ingekuwa imeshamwaga oili mara mbili, na dereva wake bado anajiona ana kilomita za akiba. Kwa anayefanya kazi ya mjini, ni busara kukata namba ya kitabu kwa nusu kwa upande wa oili, au kuhesabu majuma badala ya kilomita. Mita nyingi, isitoshe, zimekufa zamani na waya wake umefungwa kamba.

Kisha chumvi. Hii haingoji chombo kitembee. Pikipiki iliyoegeshwa nje wakati wa Kusi, upepo ukitoka baharini usiku kucha, huliwa sawa na ile iliyokwenda safari, pengine zaidi, kwa sababu inayokwenda hukauka. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani na kuushikilia juu ya chuma. Hupenya utando mwembamba unaoilinda aluminiamu. Huingia kwenye viungo vya nyaya na kuacha kutu ya kijani ambayo huonekana kama hitilafu ya betri, na mtu akanunua betri asiyoihitaji. Waya wa klachi huoza ndani ya ganda lake, nje ukionekana mzima. Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa kwamba kalenda ndiyo inayoamuru hapa. Madau na mashua yalipandishwa pwani kwa msimu, yakakalafatiwa, yakapakwa sifa ya papa na deheni, yawe yamesafiri sana au kidogo. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kilichojulikana sana katika maji haya, ulilazimika kushonwa upya kila baada ya muda, na hakuna nahodha aliyeuliza umekwenda maili ngapi. Akili hiyo ilikuwepo, ila tuliposhika spana tukaiacha ufukweni.

Matunzo yenyewe dhidi ya chumvi ni madogo na hayana fahari. Mvuvi akirudi husukuma maji matamu ndani ya mashine ya boti ili kuondoa chumvi kwenye njia za kupozea. Mwenye pikipiki afanye kinachofanana, bila kutoa udhuru wa maji kuwa ghali: haitakiwi ndoo nzima, bali kitambaa kilicholowa maji matamu kipite kwenye fremu, rimu, spoku, chini ya tangi na kwenye mapezi ya injini iliyokwisha kupoa. Kuosha chombo kwa maji ya bahari, hata kama matope yameondoka, ni kukipaka sumu kwa mikono yako. Cheni nayo husafishwa na kutiwa mafuta kila kilomita 500 au 600, na baada ya mvua au safari ya ufukweni bila kujali kilomita. Paka wakati cheni ina joto, upande wa ndani unaogusana na spoketi, ili mzunguko wenyewe uyasukume mafuta kwenye pini. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini, ambayo wengi huipenda kwa sababu ni ya bure, imejaa masizi na unga wa chuma. Inang'arisha cheni huku inaisaga.

Mchanga nitausema kwa ufupi. Nje ya lami, hasa njia za kuelekea Goobweyn na za bara, hewa inayovutwa na injini ina vumbi la mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kuta za silinda. Kitabu kikisema filta ya hewa isafishwe kila kilomita elfu kadhaa, huku iangaliwe kila juma. Sponji huoshwa kwa mafuta ya taa, ikakamuliwa bila kusokotwa, ikatiwa oili kidogo. Ya karatasi hukung'utwa, na ikichakaa hubadilishwa. Anayeitoa filta ili injini "ipumue vizuri" anapata nguvu za mwezi mmoja kwa bei ya ringi na pistoni.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa mafundi wenyewe, tena wazuri: fundi mwenye sikio hana haja ya jedwali, chombo kikiumwa kitasema. Sehemu kubwa ni kweli. Beringi hulia, cheni iliyolegea hupiga, klachi inayoteleza husikika. Lakini zipo hitilafu zinazokuja kimya, na mfano bora ni tapeti. Kati ya vali na kinachoisukuma pana nafasi ndogo, sehemu ya kumi ya milimita au chini yake. Kadiri vali ya ekzosi inavyozama polepole kwenye kikalio chake kwa joto na kugongwa, nafasi hiyo hupungua, na injini inazidi kuwa tulivu. Dereva anafurahi, fundi anasikiliza na kusema iko safi. Nafasi ikiisha vali haifungi tena sawasawa, haipati pa kumwagia joto lake, inaungua ukingoni, na asubuhi moja chombo hakiwaki. Sikio limesifu ugonjwa hadi dakika ya mwisho. Kinachoweza kuugundua ni fila geji, kile kipande cha bati chembamba chenye namba, kikipitishwa injini ikiwa baridi kabisa. Maji ya breki ni hivyo hivyo. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila hunyonya unyevu hewani, na yakishalowa kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 155. Hakuna sauti inayotangaza mabadiliko hayo. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wameyawekea miaka miwili bila kujali umbali, na kwenye hewa yetu hata miaka miwili ni ukarimu.

Wengine husema jedwali limeandikwa na kampuni ili iuze vipuri. Kushuku mfanyabiashara si dhambi, ila hapa ushahidi unakataa. Kama lengo lingekuwa kuuza oili, vipindi vingezidi kufupishwa. Kwa pikipiki kubwa vimerefushwa, kwa sababu mnunuzi wa leo hulinganisha gharama za matunzo kabla ya kununua. Kampuni ina kila sababu ya kuandika namba ndefu inayovutia sokoni, kisha kuweka kwa herufi ndogo kwamba penye vumbi, unyevu au mizigo mizito sevisi iwe ya karibu zaidi. Hizo herufi ndogo ndizo zinazoieleza Kismayu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mfuko. Dereva hapati faida kwa injini itakayodumu miaka mitano ikiwa chombo si chake. Mahali pengi Afrika Mashariki, dereva hupeleka hesabu ya siku kwa tajiri, hujitilia petroli na oili, na injini ikifa ni mzigo wa tajiri. Kwa mpango huo, dereva anayechelewesha oili si mjinga, anapiga hesabu zake sawasawa, na mahubiri hayatambadilisha. Kinachoweza kubadilika ni mpango: tajiri alipe oili na filta mwenyewe, anunue kopo kwa muuzaji anayemwamini, na siku ya sevisi apunguze hesabu. Lita moja ya oili kila majuma machache haikaribii bei ya silinda, pistoni na siku za kazi zinazopotea kungoja vipuri vitoke Mombasa au Dubai. Daftari dogo chini ya kiti, lenye tarehe na kazi iliyofanyika, humaliza ugomvi mwingi kati ya hao wawili.

Nisieleweke kwamba kila kitu kiharakishwe. Kukaza cheni mara kwa mara hadi ikawa kama uzi wa gambusi huua beringi za gurudumu na shafti ya gia. Pikipiki nyingi za mjini hutaka mchezo wa kama milimita 25 hadi 35. Plagi nzuri haichakai kwa chumvi. Kufungua kabureta inayofanya kazi ni kuita taabu. Chombo kitakacholala miezi ya Kusi kimwagwe oili kabla ya kulazwa, kwa sababu oili chafu ina asidi inayokula beringi wakati wa mapumziko, na bakuli la kabureta likaushwe petroli, ambayo ikikaa hugeuka gundi kwenye tundu za jeti.

Kwa anayenunua iliyotumika, iliyoshushwa bandarini bila karatasi yoyote ya historia, namba kwenye mita ichukuliwe kama pambo. Oili na filta zake zibadilishwe siku hiyo hiyo, maji ya breki yatolewe yote, tapeti zipimwe, na waya za klachi na breki zichomolewe kwenye maganda yake zitazamwe nyuzi moja moja. Tarehe ya kazi hiyo ndiyo iandikwe kwenye mstari wa kwanza wa daftari.