Umeme Unaotibu Misuli

Ukiambiwa hospitalini kwamba baba yako aliyepooza atawekewa umeme mguuni, utasemaje? Mzee mmoja wa kijijini petu alipoambiwa hivyo alishika fimbo yake akataka kurudi nyumbani. Alipata kuona ng'ombe aliyekufa kwa kukanyaga waya uliokatika kwenye nguzo. Tusimcheke. Afadhali tuujue umeme huo wa hospitali ni kitu gani.

Umeme wa nguzo na umeme wa tiba ni ndugu, lakini nguvu zao hazilingani hata kidogo. Mashine nyingi za tiba hii hutumia betri ndogo tu. Katika mashine hutoka nyaya nyembamba, na mwisho wa kila waya kuna kibandiko cha kubandikwa juu ya ngozi. Hapana sindano, wala hapana kukatwa. Umeme huja kwa mapigo mafupi mno; pigo moja halifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mgonjwa husikia mchonyoto kama wa mguu uliokufa ganzi, kisha mtaalamu akiongeza nguvu polepole, msuli hujikaza wenyewe.

Wajikazaje? Ni kwa sababu mwili wetu pia hutumia umeme. Ukitaka kuinua mguu, ubongo hupeleka amri kwa mishipa ya fahamu, na amri hiyo ni umeme mdogo sana. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna, Italia, aliandika jinsi miguu ya chura aliyekufa ilivyoruka kwa umeme. Mfaransa Duchenne akatoa kitabu mwaka 1855, akionyesha kwamba msuli mmoja mmoja waweza kuamshwa juu ya ngozi pasipo kuichanja.

Sasa tumtazame mgonjwa wa kiharusi. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo. Mshipa utokao uti wa mgongo kwenda msulini mara nyingi u mzima, ila amri haiufikii. Ni kama mjumbe mwenye afya aliyekaa barazani, hapana wa kumtuma. Mashine humtuma. Huko Marekani mwaka 1961 Liberson na wenzake walieleza chombo cha kuwasaidia watu ambao unyayo wao huning'inia na vidole hukwaruza ardhi. Swichi iliwekwa chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka, umeme huwaka na unyayo huinuka, mtu akapiga hatua bila kujikwaa. Vyombo vya namna hiyo vingali vikitumika hata leo.

Lakini yafaa kujua mpaka wake. Kama mshipa wenyewe umekatika, tuseme kwa panga, mapigo hayo mafupi hayana njia ya kupita. Tena umeme huchosha msuli upesi kuliko kazi ya kawaida, maana mwili wetu hupokezana nyuzi za msuli, hizi zikifanya kazi zile zikipumzika, lakini mashine huziita zile zile kila mara. Ndiyo sababu mtaalamu huiacha ifanye kazi kwa sekunde chache, kisha huupa msuli nafasi ndefu zaidi ya kupumzika. Nalo kubwa kuliko yote ni hili: umeme unapoinua mguu, mgonjwa naye lazima ajitahidi kuuinua. Ubongo hujifunza kwa kujitahidi. Anayelala usingizi huku mashine ikifanya kazi hupoteza sehemu kubwa ya faida.

Uko pia umeme wa kutuliza maumivu. Huo haukazi msuli, huchonyota tu. Ukijigonga goti hulisugua, na maumivu hupungua. Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba habari za mguso zaweza kuyafungia maumivu mlango katika uti wa mgongo. Umeme huu watumia njia hiyo. Huwapa wengine nafuu ya muda, bali hauondoi chanzo.

Wako watu ambao lazima waseme habari zao kabla ya kubandikwa kitu: mwenye chombo cha kuendesha mapigo ya moyo kifuani, mama mwenye mimba, mwenye kifafa, mwenye saratani, mwenye damu iliyoganda mguuni, na yule ambaye ngozi yake haina hisia, kwani aweza kuungua asijue. Vibandiko havibandikwi mbele ya shingo. Kwa hiyo mashine zinazouzwa mnadani na kusifiwa kuponya kila ugonjwa, usizinunue kabla ya kumwuliza mtaalamu wa tiba ya viungo. Na kujitengenezea mwenyewe kwa waya wa nyumba au betri ya sola, usithubutu kamwe. Huo utakuua.

Mzee wetu alikubali baada ya mtaalamu kubandika vibandiko mkononi mwake mwenyewe kwanza, vidole vikacheza mbele ya macho ya mzee. Alicheka. Lakini hospitali ni mbali na nauli si kidogo, basi binti yake aliomba aonyeshwe mazoezi ya kufanya nyumbani. Nawe ukimpeleka mgonjwa wako, usiondoke kabla ya kuonyeshwa, ukayafanya mwenyewe mbele ya mtaalamu akusahihishe.