Kupanga Safari ya Ziwani kwa Kompyuta



Wenzetu wa mashamba ya michikichi ya Kalangala huvuka ziwa kwenda kazini na kurudi nyumbani. Baadhi yao wametuuliza ile mashine ndogo iliyo mbele ya nahodha inafanya kazi gani. Tumewauliza mabaharia wa Port Bell, nasi twaeleza tulivyoelewa.

Zamani nahodha alitegemea dira, ramani ya maji na macho yake. Siku hizi setilaiti huijulisha mashine, au hata simu, mahali ilipo. Kazi hiyo haihitaji mtandao wa simu, mradi ramani imewekwa ndani kabla ya kuondoka. Programu kama OpenCPN, ambayo kwa kompyuta hutolewa bure, huonyesha ramani, na nahodha huweka juu yake vituo vya njia: kimoja nje ya gati, kingine anapogeuka kukwepa miamba, kingine kwenye mlango wa ghuba. Programu huviunga kwa mistari, kisha hupiga hesabu ya mwelekeo, maili na saa.

Kila kituo ni namba mbili: moja ya kaskazini au kusini ya Ikweta, nyingine ya mashariki. Hapa kwetu pana mtego, kwa sababu Ikweta inapita katika ziwa hili. Entebbe iko kaskazini, mji wa Kalangala uko kusini, kiasi cha dakika 19. Dakika moja ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Nahodha akiandika kaskazini badala ya kusini, kituo chake kitaruka maili 38 hivi na kuangukia nchi kavu, pande za Mpigi! Kosa hilo ataliona na kucheka. Kosa la tarakimu moja ndilo halionekani, nalo laweza kumpeleka mwambani.

Mstari wa kompyuta hauogopi kisiwa wala jiwe. Kama ramani ni ya zamani, mwamba usioandikwa haumo. Na ziwa hubadilika: Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakafunika magati mengi. Tena programu peke yake haimwoni mwenzako anayekuja. Tarehe 8 Mei 2005 MV Kabalega na MV Kaawa ziligongana, na Kabalega ikazama.

Sisi wenyewe tulipata kuvuka usiku katika boti ambayo njia yote ilikuwa ndani ya simu ya nahodha. Betri ikaisha katikati ya ziwa, tukaelea hadi alfajiri. Hatukumlaumu, tajiri wake alimpa simu, hakumpa mafunzo wala dira.

Kwa hiyo tunawaomba wawakilishi wa matawi ya visiwani wadai mambo mawili kwa waajiri wanaosafirisha wafanyakazi. Nahodha afundishwe kwa muda wa kazi, kwa mshahara wake. Na kabla ya kung'oa nanga, vituo vya njia, saa ya kufika na idadi ya abiria viandikwe kwenye karatasi mbili: moja ibaki chomboni, nyingine ibaki kwa mtu wa gati, ili chombo kikichelewa ajue watafutaji waanzie wapi.