Kupima Udongo kwa Vinasaba: Mkulima wa Viazi Timau Anapata Nini?

Anayekodi shamba la viazi Timau au Kibirichia huuliza bei ya ekari na kama kuna maji. Swali zito zaidi halijibiki kwa macho: je, udongo huo una mnyauko bakteria? Mara nyingi hata mwenye shamba hajui.

Kipimo cha kawaida cha udongo hakilijibu. Huonyesha kiwango cha asidi na virutubisho kama naitrojeni, fosforasi na potasiamu, lakini hakisemi lolote kuhusu viumbe hai. Ilhali gramu moja ya udongo, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, inaweza kubeba bakteria wapatao bilioni moja, wa maelfu ya aina. Zamani wataalamu waliwatambua kwa kuwakuza katika visahani vya maabara, na wengi wao hawakui humo.

Siku hizi husomwa vinasaba vyao. Maabara hutenga DNA yote iliyomo kwenye udongo, kisha hunakili mara nyingi jeni moja iitwayo 16S, ambayo kila bakteria anayo. Jeni hiyo ina herufi zipatazo 1,500 na hutofautiana kidogo kati ya aina na aina. Mashine husoma mpangilio wa herufi, na kompyuta huulinganisha na kumbukumbu za bakteria wanaojulikana. Kuvu nao hutambuliwa kwa kipande kingine, ITS. Matokeo ni orodha ndefu: wanaozipa mizizi ya maharagwe na njegere naitrojeni, wanaoozesha mabaki ya mimea, na wanaoleta magonjwa.

Kwa mnyauko, orodha hiyo ni mwanzo tu. 16S hutaja kundi la Ralstonia. Ukoo wenyewe hujulikana kwa kusoma jeni nyingine, egl. Ndivyo ilivyobainika kwamba ukoo uitwao IIB-1, wenye asili ya Amerika Kusini, umeenea katika viazi vya nyanda za juu za Kenya. Kwa mkulima wa Timau hili lina uzito, kwa sababu ukoo huu huvumilia baridi. Wanaodhani baridi ya Mlima Kenya inawakinga wamekosea. Aidha, kufanana kwake kutoka eneo hadi eneo kunaonyesha kwamba husafiri ndani ya mbegu. Hata nje ya viazi umeleta hasara: mwaka 2003 Marekani iliteketeza mimea mingi ya jerania baada ya kuukuta kwenye vipandikizi vilivyotoka Kenya.

Kipimo hiki kina mipaka yake. DNA ya bakteria waliokufa nayo husomwa. Sampuli ya kona moja nzuri haisemi chochote kuhusu bonde la chini ambako maji hutuama. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa sehemu 15 hadi 20 za shamba, kina cha sentimita 20, kwa jembe safi, na kufikishwa maabarani upesi ikiwa kwenye ubaridi, si kwenye mfuko ulioachwa juani. Kwa shamba dogo, kipimo cha aina hii si cha kila msimu. Kwa sasa ni zana ya watafiti na wazalishaji wa mbegu zaidi.

Kuna kipimo cha bure. Mmea unaponyauka ukiwa bado kijani, kata shina karibu na ardhi na ulining'inize katika glasi ya maji safi, bila kulitikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka baada ya dakika chache, ni mnyauko bakteria.

Ugonjwa huu hauna dawa. Shamba lililoathirika hupandwa ngano, shayiri au mahindi kwa misimu kadhaa, wala si nyanya, pilipili au managu, ambazo humlisha bakteria yuleyule. Viazi maotea hung'olewa, jembe na viatu huoshwa kabla ya kuingia shamba jingine, na mbegu hununuliwa ikiwa na lebo ya KEPHIS.