Sponji Lililokufa Ndani ya Mlango

Kitambaa cha mlango wa gari kikianza kulegea, kila mtu husema neno lilelile: gundi imeachia. Mwenye gari analisema, na fundi wa siti anaitikia, maana kazi inayofuata anaijua kwa moyo. Ni kopo la gundi, brashi, kubandika upya, mteja aende zake. Miezi michache baadaye kitambaa kimeshuka tena, na safari hii kimeshuka na madoa ya gundi usoni.

Gundi inasingiziwa. Inua ukingo uliolegea, ingiza kidole, usugue mgongo wa kitambaa, kisha usugue paneli yenyewe. Kidole kitatoka na unga wa kahawia, au wa rangi ya chungwa, wenye kunata kidogo, unaofinyangika ukiuviringisha kati ya vidole. Uko pande zote mbili. Gundi ya kiwandani bado imeng'ang'ania plastiki palepale ilipopakwa. Kilichokatika ni kitu cha katikati, sponji jembamba la milimita chache lililokuwa limeshikana na kitambaa. Ukipaka gundi mpya juu ya hapo, itaushika unga vizuri sana, ila unga wenyewe haujashika chochote. Ndiyo maana hata ule ujanja wa kupenyeza gundi kwa bomba la sindano, ambao wengi huusifia, ni kupoteza gundi na kuharibu kitambaa.

Sponji hilo ni poliuretheni, plastiki ambayo Otto Bayer na wenzake waliivumbua mjini Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Hupatikana kwa kuunganisha kemikali za jamii mbili, na moja ya hizo, iitwayo polioli, ndiyo inayoamua sponji litaishi muda gani. Kuna polioli za polyesta na za polyetha. Adui wa polyesta ni maji, na si lazima yawe ya mvua. Unyevu wa hewani unatosha. Molekuli ya maji hukiingilia kiungo cha esta na kukikata, na upande mmoja wa mkato hubaki asidi. Asidi hiyo nayo husaidia maji kukata viungo vingine. Kwa hiyo sponji halichakai kwa mwendo mmoja. Hukaa miaka likionekana zima, kisha hupukutika kwa muda mfupi. Aliyewahi kutoa kabatini raba alizozitunza kwa ajili ya sikukuu, soli zikamomonyoka kabla hajafika getini, ameshaiona kemia hii kwa macho yake, maana soli nyingi za aina hiyo ni poliuretheni vilevile.

Polyetha huvumilia maji kwa kiasi kikubwa, ingawa mwanga na oksijeni huisumbua. Mbona basi viwanda havikuitumia hiyo tu? Sababu iko kwenye moto. Ili kitambaa cha gari kishikane na sponji, sponji hupitishwa kwa kasi juu ya mwali wa gesi, uso wake unayeyuka kidogo, kisha kitambaa kinagandamizwa juu yake kabla halijapoa. Gundi haihitajiki kabisa. Sponji la polyesta huyeyuka na kushika vizuri kwa njia hii, na kwa miaka mingi ndilo lililopendelewa. Kilichorahisisha kazi kiwandani ndicho kinachotupa kazi sisi tunaonunua magari yaliyokwishatumika.

Ongeza hali ya hewa ya pwani. Gari lililofungwa vioo juani hupandisha joto la ndani kwa takriban nyuzi 20 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja katika nusu saa ya kwanza. Siku ya nyuzi 32 Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya ndani inapita 50, na sehemu zinazopigwa na jua moja kwa moja hupata moto zaidi ya hapo. Wanakemia wana kipimo chao cha haraka: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mwendo wa mimenyuko mingi hukaribia kuwa maradufu.

Na mlango una balaa lake la ziada, kwa sababu umeundwa kuingiza maji. Ule mpira unaolamba kioo huzuia sehemu tu ya mvua. Maji yanayobaki huteremka ndani ya bati na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kinachokinga paneli ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwenye bati kwa gundi nyeusi inayovutika. Mafundi wanaotengeneza mota za vioo huichana na kuitupa kana kwamba ni mfuko wa mkate. Mlango usio na nailoni hupulizia unyevu mgongoni mwa paneli kila siku ya masika.

Kufungua paneli si kazi ngumu. Chomoa betri kwanza na usubiri dakika kadhaa, hasa kama gari lina eabegi za pembeni. Tafuta skrubu zilizofichwa chini ya vifuniko vidogo, nyuma ya kitasa na kwenye sehemu ya kushikia mkono. Klipu za pembezoni ziachie moja moja kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi, kisha inua paneli kwenda juu, maana ukingo wake umejipachika kwenye mfereji wa kioo. Nunua klipu za akiba mapema. Za zamani zitavunjika.

Sasa geuza paneli na usome mgongo wake. Utakuta herufi ndani ya alama mbili za mshale, mfano >PP< au >ABS<. Hapa wengi hupita bila kuangalia, na hapa ndipo gundi huchaguliwa. PP ni polipropileni, plastiki ambayo karibu kila gundi huteleza juu yake. Hata tone la maji likiangukia juu yake hujikusanya badala ya kutandaa. Juu ya PP, ile gundi ya kiwandani iliyobaki ni mali: toa unga wote wa sponji, lakini usikwangue hadi plastiki ing'ae. ABS inashika gundi kwa urahisi, ila thina huiyeyusha, kwa hiyo usiisafishe kwa thina. Magari ya zamani zaidi yana ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa. Huo ukishavimba kwa maji haurudi tena. Chora umbo lake, ukate mpya.

Unga wenyewe hutoka kwa brashi laini, nje ya nyumba, ukiwa na barakoa. Kama kifuniko ni leza ya plastiki, yaani ngozi ya bandia, mgongo wake ukisafishika kitatumika tena. Kama ni kitambaa chembamba, bila sponji gundi itapenya na kutokeza usoni, kwa hiyo heri ununue kipya kilichokwisha kubandikwa sponji.

Gundi inayofaa ni ya neoprini, jamii ya gundi wanazotumia washona viatu, na chagua inayostahimili nyuzi 70 na zaidi. Hupakwa pande zote mbili, kisha unasubiri. Kusubiri huko ndiko kunakowashinda wengi. Kiyeyushi lazima kiondoke kwanza, gundi ifikie hali ya kunata bila kulowesha kidole. Ndipo minyororo ya molekuli ya upande mmoja inapojisuka na ya upande wa pili. Ukiwahi, mvuke utanaswa ndani na kuleta malengelenge jua likiwaka. Mvuke huo pia si wa kuchezea. Katika miaka ya 1960, watengeneza kandambili wa Japani waliofanya kazi majumbani walipooza miguu na mikono kwa sababu ya heksani iliyokuwa ndani ya gundi. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu, mvuke unapita.

Anza kubandika kwenye mabonde ya paneli, uelekee nje. Leza iliyokaa miaka juani imepoteza mafuta yaliyokuwa yakiilainisha, ikasinyaa, na kwenye bonde itavuta kujinyoosha usiku na mchana. Ipashe kwa draya ya saluni hadi ilegee, uisukume kwa dole gumba hadi chini kabisa, na usiiachie mpaka ipoe. Nguvu ya kugandamiza ina kazi kubwa kuliko muda wa kugandamiza.

Kabla ya kurudisha paneli, bandika nailoni mpya, ngumu, bila tundu lolote. Kisha mimina kikombe cha maji juu ya kioo na uchungulie chini ya mlango. Maji yasipotoka, zibua vitundu kwa waya kwanza. Paneli inaweza kusubiri hadi kesho.