Usalama wa Mhudumu wa Afya Anayekuja Nyumbani

Katika vijiji vingi wako wagonjwa wasioweza kwenda zahanati kila mara. Wako wazee waliopooza, wagonjwa wa sukari na wenye kifua kikuu. Mhudumu wa afya huwafuata nyumbani. Huwageuza kitandani, huangalia vidonda vyao na kuwakumbusha dawa. Sisi humfikiria mgonjwa tu. Ni mara chache tunajiuliza kama huyu anayemhudumia naye yuko salama.

Zahanati ina mwanga, maji na mahali pa kutupia sindano. Nyumbani vitu hivyo havipo mpaka tuviweke sisi wenyewe. Kwa hiyo usalama wa mhudumu umo mikononi mwa wenye nyumba pia.

Hatari kubwa ni sindano. Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini hujichoma mwenyewe nyumbani. Akimaliza, pengine huichomeka sindano kwenye godoro au huiacha chini ya mkeka. Mhudumu akija kutandika shuka, inamchoma. Tundu ni dogo na damu ni tone tu, lakini tone hilo laweza kuwa na vijidudu.

Watu wengi huogopa UKIMWI peke yake. Kati ya watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, wanaoambukizwa ni karibu 3. Homa ya ini ya aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi. Kati ya watu 100 wasiochanjwa, wanaoambukizwa kwa njia hiyo huweza kufika 30. Bahati nzuri homa hii ina chanjo. Hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita. Mhudumu ambaye hajachanjwa aulize sasa, asingoje mpaka achomwe.

Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko chake, maana wengi hujichoma hapo hapo. Itiwe katika kopo gumu la plastiki lenye mfuniko. Kopo likifika robo tatu lifungwe na kupelekwa zahanati. Lisitupwe jalalani, kwa sababu watoto huokota kila kitu.

Je, mhudumu akichomwa afanye nini? Aoshe mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asikamue wala asinyonye damu. Kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Ziko dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini. Lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Humezwa kila siku kwa siku 28. Mhudumu anayenyamaza kwa kuona aibu hupoteza saa hizo bure.

Jambo jingine ni mipira ya mikono. Ziko nyumba ambazo mhudumu akiivaa, ndugu hununa. Husema, "Anatuona sisi wachafu." Hayo si kweli. Mhudumu huivaa anapogusa damu, kidonda au choo, kwa mgonjwa yeyote, awe tajiri au maskini. Humkinga mgonjwa pia, asiletewe vijidudu vya nyumba ya jirani. Afadhali ndugu wamwekee maji na sabuni ya kunawa.

Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, madirisha yafunguliwe. Ikiwezekana mazungumzo yafanyike nje chini ya mti, kwa sababu vijidudu hivyo hukaa katika hewa ya chumba kilichofungwa.

Mgonjwa mzito asiinuliwe na mtu mmoja. Migongo mingi imeumia hivyo. Atandikiwe shuka nene, kisha watu wawili washike pembe zake na kumsogeza pamoja.

Mbwa afungwe kabla mgeni hajafika. Akimwuma mhudumu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, halafu apelekwe kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Wahudumu wengi ni wanawake, nao hutembea peke yao. Mhudumu amwambie mwenzake au mwenyekiti wa kitongoji anakwenda nyumba gani na atarudi saa ngapi. Akikuta ulevi au ugomvi, aondoke, hata bila kuaga. Ziara ya usiku isifanywe na mtu mmoja. Ndugu wa mgonjwa waje kumchukua na taa, na kazi ikiisha wamrudishe mpaka kwake.